Gari-nyumba kuukuu: mnunuzi wa Kilwa aanze kutazama chini ya gari

MFANYABIASHARA wa Kilwa Masoko anayetaka kununua gari-nyumba kuukuu ili alikodishe kwa watalii ajue jambo moja kabla hajatoa hata senti: kitanda, jiko na pazia si gari. Vitu hivyo seremala yeyote mjini anaweza kuvitengeneza. Kinachobeba mtaji ni chasisi, injini na kadi ya gari, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoumia.

Gari-nyumba ni gari lenye mahali pa kulala, jiko dogo na tangi la maji, ambalo msafiri hulitumia badala ya hoteli. Ulaya na Marekani magari hayo hutengenezwa kiwandani. Hapa nchini mengi ni Land Rover au Land Cruiser yenye hema juu ya paa, basi dogo la Coaster lililoondolewa viti, au HiAce iliyotiwa godoro.

Biashara hiyo ina sababu ya kufikiriwa Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu meta 970 juu ya mto Rufiji, lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza adha ya kusubiri kivuko. Msafiri wa barabara anaweza kutoka Dar es Salaam, akalala Masoko, akavuka kwa boti kwenda kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kisha akaendelea hadi Lindi na Mikindani.

Hata hivyo barabara hiyo haijawa ya kuaminika mwaka mzima. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata katika wilaya ya Kilwa na kukwamisha magari pande zote mbili. Gari la biashara hii linatakiwa liwe linaweza kusubiri, kugeuza na kurudi bila kuharibika. Uzuri wa picha haulisaidii hapo.

MILANGO MITATU YA SOKO

Magari ya aina hii humfikia mnunuzi kwa njia tatu. Ya kwanza ni magari yaliyokwisha kutumika hapa nchini, yakiwemo ya mashirika, miradi na kampuni za kupeleka watalii mbugani. Faida yake ni kwamba kodi zimekwisha kulipwa na mafundi wanayafahamu. Hasara yake ni kwamba yamekwisha kupigwa na barabara, na mita ya kilometa si shahidi wa kutegemewa.

Njia ya pili ni kuagiza Japani. Huko kila gari la mnada huwa na karatasi ya ukaguzi, na mnunuzi ana haki ya kuidai kwa wakala wake. Katika karatasi hizo herufi S huonyesha kutu, C huonyesha kutu iliyokwisha kula chuma, na daraja la R humaanisha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani yanahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa barabara za huko hutiwa chumvi wakati wa theluji.

Njia ya tatu ndiyo inayovutia zaidi na ndiyo yenye mtego. Kuna wageni wanaovuka Afrika kwa gari lao wenyewe, na wakifika mwisho wa safari huona ni nafuu kuliuza kuliko kulisafirisha kwa meli. Gari huwa limekamilika: hema, friji, betri ya pili, tangi la maji, na bei yake huonekana ya chini. Sababu ya unafuu huo itaelezwa mbele, kwenye karatasi.

KIPURI KWANZA

Gari kuukuu lazima litaharibika. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni hili: likiharibika Nangurukuru, kipuri kitapatikana wapi na baada ya siku ngapi?

Kwa kipimo hicho, injini ya Toyota 1HZ ina nafasi ya pekee. Ni ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina tabo, na pampu yake haiendeshwi kwa kompyuta. Ilianza kufungwa katika Land Cruiser mwaka 1990, na ndiyo iliyomo katika gari ambalo wengi hapa hulijua kwa jina la mkonga. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami ni kwamba injini hiyo hiyo imefungwa pia katika mabasi mengi ya Coaster. Mwenye Coaster ya kulala na mwenye mkonga wananunua nozeli, gasketi na mkanda wa taimingi kwenye duka moja. Mkanda huo hubadilishwa takriban kila kilometa 100,000. Muuzaji asiyeweza kuonyesha ulibadilishwa lini, mnunuzi ahesabu kwamba haujawahi kubadilishwa.

Kati ya hayo mawili, uchaguzi unategemea safari. Coaster ina nafasi ya familia na hukaa vizuri kwenye lami, lakini haifai mchanga mwingi wala njia ya kwenda Tendaguru, mahali ambapo Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Mkonga unafika huko, lakini watu wawili ndio wanaolala kwa raha.

Land Rover ya zamani bado ina mafundi wengi nchini. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, One Ten ilianza 1983, jina la Defender likaja 1990, na uzalishaji wa umbo hilo la zamani ulikoma Januari 2016. Injini za 200Tdi na 300Tdi zinatengenezeka kwa vifaa vya kawaida. Udhaifu wake ni kuvuja mafuta na chasisi kuliwa na kutu huku bodi ya aluminiamu ikiendelea kung'aa.

Yapo pia magari mazuri kwa mwenyewe lakini mabaya kwa biashara ya Kilwa. Volkswagen Kombi ya miaka ya 1970 ina wapenzi, lakini injini yake hupozwa kwa hewa na iko nyuma, na mipira ya petroli iliyozeeka hugeuka hatari ya moto. Mazda Bongo Friendee, iliyotengenezwa kuanzia 1995, huinua paa lake kwa swichi na kumpendeza kila anayeiona. Lakini injini yake ya dizeli yenye tabo haivumilii kupungukiwa maji. Ikichemka mara moja, silinda hedi huweza kupasuka. Injini ya Toyota 2L-T nayo inajulikana kwa ugonjwa huo huo.

CHUMVI NA KUTU

Kilwa Masoko imezungukwa na bahari, na hewa ya chumvi haichagui gari la nani. Ukaguzi uanze chini ya gari, mchana, kwa tochi na nyundo ndogo. Chasisi igongwe kidogo kidogo hasa nyuma, zinaposhikwa springi, na juu ya ekseli. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu ni sababu ya kushuku kabla ya kufurahi.

Kwa bodi ya chuma, sumaku husaidia: isiposhika, hapo pamejazwa dawa ya bodi badala ya bati. Kwa Land Rover sumaku haitasema kitu, kwa kuwa aluminiamu haivutwi. Huko patazamwe penye kukutana aluminiamu na chuma, kama kwenye milango na nguzo zake, kwani aluminiamu hulika kwanza hapo na kutoa unga mweupe.

Injini isikilizwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha kabla mnunuzi hajafika aombwe kuizima, na mnunuzi arudi baada ya saa kadhaa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha ni dizeli isiyoungua au maji yaliyoingia ndani. Moshi mweusi mwingi ni hewa kuzibwa au nozeli kuchoka. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji. Baada ya hapo gari liendeshwe likiwa na mzigo hadi Nangurukuru na kurudi, mshale wa joto ukitazamwe, gia ndogo ya magurudumu manne ikijaribiwe, na breki zikipimwe.

Matairi nayo yana tarehe. Tarakimu nne pembeni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la kulala hukaa muda mrefu bila kutembea, hivyo tairi huweza kuwa na meno mazuri na mpira uliokufa.

Baada ya hayo ndipo mnunuzi apande ndani. Mtungi wa gesi uwe na mahali pake penye tundu la hewa chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni. Mpira wa gesi usioonyesha umri ubadilishwe. Madirisha yafunguke na yawe na wavu. Usiku wa Februari ndani ya bati bila upepo mteja hatarudi. Uzito pia uhesabiwe: lita 100 za maji ni kilo 100, na springi kuukuu hazikutengenezwa kwa ajili ya friji, betri mbili na kabati la mninga.

KARATASI

Gari la mgeni aliyevuka mpaka huingia nchini kwa kibali cha muda au kwa hati ya dhamana ya forodha. Maana yake ushuru haujalipwa. Kulinunua mkononi bila kupitia forodha ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na gari linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwa mnunuzi. Ndiyo sababu bei ni ya chini. Mauzo yafanyike baada ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kukadiria kodi na kulipwa, na mkataba useme nani anailipa.

Anayeagiza nje naye akumbuke kwamba Tanzania, tofauti na Kenya inayozuia magari yaliyozidi miaka 8, huyaruhusu lakini huyatoza ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. TRA hutumia thamani ya kumbukumbu zake, haitegemei risiti ya mnunuzi pekee, na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla inayojumuisha ushuru mwingine. Kikokotoo cha TRA kitazamwe kabla ya kutuma fedha.

Kwa gari lolote, namba ya chasisi na ya injini zilingane na kadi. Coaster iliyogeuzwa kuwa nyumba lakini kadi yake bado inasema basi la abiria italeta ubishi siku ya ajali. Anayekodisha kwa watalii anahitaji leseni ya biashara ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2008, na bima kubwa inayotaja ukodishaji.

HESABU

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia ya kupiga hesabu, si bei ya soko. Mwenye shilingi milioni 30 asinunue gari la milioni 28. Anunue la milioni 20, atenge milioni 6 za matengenezo ya kwanza, na milioni 4 zikae benki. Gari lililomgharimu milioni 26 likiuzwa baada ya miaka minne kwa milioni 14, limekula milioni 3 kila mwaka. Bima, leseni, sevisi na matairi vikichukua milioni 5, gharama ya mwaka ni milioni 8.

Kila usiku ukiacha shilingi 150,000 mkononi, zinahitajika siku 54 za kukodishwa ili kurudisha gharama tu. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina siku 153, kwa hiyo gari litoke zaidi kidogo ya siku moja katika kila tatu. Lakini likilala gereji Julai na Agosti likisubiri kipuri, zinabaki siku 91, na mwenyewe anahitaji kulikodisha karibu siku 6 katika kila 10. Hapo gari la bei nafuu lenye kipuri adimu huwa ghali kuliko mkonga uliouzwa kwa bei kubwa.

Asiyefikia hesabu hiyo ana njia nyingine. Anunue gari zima la kazi ambalo Kilwa italihitaji hata bila watalii, aweke hema na sanduku la jiko vinavyofunguliwa kwa spana, na wakati wa masika avishushe na kubeba mizigo. Mji una mahitaji yake: ujenzi wa bandari ya uvuvi Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023, ni moja ya dalili. Gari lenye kazi mbili halimlazimishi mwenye mtaji mdogo kuliuza kwa hasara msimu mmoja ukiwa mbaya.