Hijama haitoi damu ya ubongoni

Swali huja kwa adabu zote. Mama mtu, au mjomba aliyepanda daladala ya 116 kutoka Nungwi tangu alfajiri, hungoja nimalize kumsimamisha mgonjwa kwenye reli za mazoezi, kisha hunivuta pembeni. "Dokta, na ile damu iliyoganda kichwani? Tukimpeleka hijama si itatoka?" (Mimi si dokta, ni mtu wa tiba ya viungo, lakini nimeshachoka kulisahihisha hilo.) Nimelijibu kwa upole, nimelijibu kwa kuchora kwenye karatasi, nimelijibu mbele ya ukoo mzima. Bado mgonjwa hurudi kliniki na kichwa kimenyolewa upya na chanjo za wembe zimejipanga kandokando ya mshono wa upasuaji. Leo nalijibu kwa maandishi, na upole nimeupunguza.

Haitoki, na wala haiwezi kutoka.

Kikombe cha hijama hushika ngozi. Ukivuta hewa, ngozi inainuka. Ukichanja, inatoka damu ya ngozi. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi mno, ndiyo maana mtoto akijigonga kwenye kizingiti nyumba nzima hupiga ukelele ikidhani kafa. Kwa hiyo kikombe kitajaa, tena haraka, na damu itaonekana nyeusi yenye mabonge. Hapo ndipo familia huniambia, "Lakini tumeiona kwa macho yetu." Mlichokiona ni kile kinachoifika damu yoyote ikikaa nje ya mshipa dakika chache: inaganda. Wewe msomaji ambaye hujawahi kuanguka hata kitandani, nikikuchanja utosini itatoka vilevile, nyeusi na yenye mabonge, na hutakuwa umepona chochote.

Chini ya ngozi kuna mfupa, kwa mtu mzima kiasi cha milimita 6 au 7. Chini ya mfupa kuna utando mgumu. Damu inayotuogopesha huwa imekaa juu ya utando huo, au chini yake, au ndani ya ubongo wenyewe, na hakuna njia ya kutoka huko hadi kwenye kikombe. Daktari wa upasuaji wa ubongo akiamua kuitoa hutoboa mfupa, au huufungua, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Kazi hiyo hufanyika hapa hapa Unguja, Mnazi Mmoja, kwenye taasisi iliyofunguliwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Wakfu wa NED wa Valencia, Hispania. Na ile damu ndogo ambayo daktari aliiona kwenye picha akaiacha? Hakuisahau. Aliiacha kwa sababu mwili huivunja na kuinyonya wenyewe kwa wiki kadhaa. Mnapompeleka mtu kwenye hijama mwezi wa tano baada ya ajali, aghalabu mnakwenda kumtoa kitu ambacho hakimo tena.

"Basi kama haisaidii, haidhuru." Inadhuru, jamani. Baadhi ya wagonjwa wetu hurudishwa nyumbani wakiwa hawana kipande cha fuvu. Kiliondolewa ili ubongo uliovimba upate nafasi, na pengo hubaki kwa miezi. Weka kiganja hapo taratibu na utahisi pakipwita chini ya ngozi. Sasa fikiria mtu anapachika kikombe hapo na kuvuta hewa. Hata fuvu lililo zima lina vishipa vidogo vinavyopenya mfupa na kuiunganisha ngozi ya kichwa na ndani, na usaha ulioanzia kwenye chanjo unaweza kufuata njia hiyo. Mtu wa hijama anayeijua kazi yake hagusi kidonda wala mfupa uliovunjika, na wapo Unguja waliowarudisha watu mlangoni kwa sababu hiyo. Nawashukuru. Sina ugomvi na sunna. Mgongo wako na kikombe chako, mimi simo.

Linalonikera zaidi ni hili. Yuko mzee aliyepigwa na foromali chomboni wiki tatu zilizopita. Siku ile hakuonekana na lolote. Sasa kichwa kinamuuma, anasinzia mchana kutwa, mguu mmoja anauburuta na maneno yanampotea. Huyo ndiye anaweza kuwa na damu ya kutolewa kweli, ile inayojikusanya polepole kati ya ubongo na utando wake, hasa kwa watu wa makamo na wazee. Hutolewa kwa tundu dogo kwenye mfupa, na wengi hutoka hospitali wakitembea. Na huyo ndiye anayewekwa nyumbani amalize hijama zake tatu, wiki kwa wiki, mpaka anazimia. Akiwa nyumbani kwako, funga gazeti hili umpeleke hospitali.

Kinachowafanya watu waling'ang'anie swali hili nakijua. Picha ya CT imekuja safi, jeraha limefunga, anatembea, lakini aliyerudi Nungwi si yule. Lazima kuna kitu kimebaki mle ndani, kitolewe. Ukweli ni kwamba kichwa kilichokuwa kwenye mwendo wa pikipiki kinaposimama ghafla, nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu za ubongo huvutika na kukatika, na picha ya CT mara nyingi haizioni. Inaonesha kuta za nyumba, haioneshi nyaya zilizopita ndani ya kuta. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotuzuia tusiseme kila linalotujia na ndiyo inayotuanzishia jambo. Ikiumia, mpole anamtukana mkwewe. Au mchapakazi anakaa mbele ya sahani ya wali mpaka aambiwe, "Kula." Nyumba nzima inasema kawa jeuri, kawa mvivu, anadeka.

Wakishakata tamaa na damu, hugeukia shetani. Hapo pia kuna kitu cha kutoa. Siingii kwenye mjadala wa majini. Someni Qur'ani mpaka mchoke, haina madhara. Ugomvi wangu ni vidonge vya kifafa vinavyowekwa kando "mpaka kombe liishe".

Vitabu vya ubongo havikosi kisa cha Phineas Gage, msimamizi wa vibarua wa reli jimboni Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka kabla ya wakati, na nondo ya urefu wa zaidi ya mita 1, yenye uzito wa kilo 6 hivi, ikaingilia shavu la kushoto na kutokea utosini. Akaishi. Waandishi hupenda matusi yake, na jinsi rafiki zake walivyosema huyu si Gage tena. Hupita mbio kwenye miaka yake ya Chile, ambako aliendesha gari la farasi la abiria kwa miaka kadhaa: kuamka saa ileile, kulisha farasi, kufuata njia ileile, kushughulika na abiria. Wapo watafiti wanaoamini kuwa utaratibu huo ndio uliomjenga upya. Alikufa mwaka 1860, baada ya kuanguka kifafa mara kwa mara. Hakuwa na vidonge ambavyo wenu anavyo kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati.

Utaratibu, basi. Hiyo ndiyo dawa ambayo sisi wa hospitali hatuwezi kuitoa kwenye dirisha la dawa, kwa sababu inatengenezwa nyumbani.

Nimtaje fundi mmoja wa majahazi, nimemchanganya na wengine ili asitambulike. Mikono yake ilikuwa mizima na kazi anaijua tangu utoto. Kila asubuhi kaka yake alimpeleka pwani na kumwambia, "Haya, fanya kazi." Alikaa kivulini mpaka adhuhuri, watu wakipita wakitikisa vichwa. Kumbe "fanya kazi" kwa ubongo ule haikuwa na mwanzo. Kaka akafundishwa kuacha amri hiyo. Akawa anampa pamba ya kalafati mkononi, anamwekea kidole kwenye mwanya wa mbao mbili: "Anzia hapa, ishia kwenye msumari ule." Alianza saa moja asubuhi, kabla pwani haijajaa makelele, akifika kwenye msumari anapumzika. Mwanya mmoja ukawa miwili. Baadaye akawa anamaliza ubavu mzima bila kuoneshwa msumari, ingawa jua likiwa kali bado humrushia nyundo anayemsemesha. Kazi yake ni safi, nimeiona.

Yaliyobaki nitayasema haraka, na nayasema kwa marafiki pia. Mkienda kumkagua, nendeni wawili, si kumi, mkae dakika kumi na tano, televisheni izimwe. Msimfanyie mtihani wa "Unanijua mimi nani?" Kila mgeni anauliza hivyo, na kila mara mtu mzima anaaibishwa mbele ya watoto wake. Sema, "Mimi Haji, jirani yenu," kisha endelea. Ratiba ya siku iandikwe kwa herufi kubwa ibandikwe ukutani. Mchana alale, uchovu wake si uvivu. Anapokula akae wima, na akipaliwa kila anapomeza, mleteni kliniki. Mkono uliolegea msimnyanyue kwa kuuvuta, bega litachomoka. Akikasirika msibishane naye, badilisheni mahali au mazungumzo.

Vidonge vya kifafa visikatishwe hata kama hajaanguka mwaka mzima, mpaka daktari aseme, na kabla ya Ramadhani muulizeni daktari na shekhe wenu wote wawili. Akianguka, mlazeni ubavu, msimkandamize, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazameni saa. Ikipita dakika 5, au ikirudia kabla hajazinduka, hospitali ya Kivunge mara moja. Pikipiki hapana, minazi hapana, kupiga mbizi na kwenda baharini peke yake hapana, mpaka aruhusiwe. Bangi na pombe za ufukweni pia hapana, na anayemnunulia anajijua. Namba ya siri ya pesa za simu ashike mtu mwaminifu, maana wako jamaa wanaomkopa wakijua hatakumbuka. Asiuze shamba mwaka huu. Akitamka talaka katikati ya hasira hizi, msilipeleke barazani. Nendeni kwa Kadhi na barua ya hospitali mkononi.

Na acheni kuniuliza lini atakuwa kama zamani. Miezi sita ya mwanzo ndiyo huenda kasi, kisha mambo hupungua mwendo lakini hayasimami. Watu huendelea kupata nafuu hata baada ya miaka miwili. Niulizeni wiki hii ajifunze nini. Hilo nina jibu lake.

Wiki ya kwanza hapungukiwi na watu. Ukumbi hujaa viatu, halua na machungwa. Mwezi wa nne baraza imerudi kwenye karata zake, na mkewe anatafuta mtu mmoja tu wa kukaa na mgonjwa saa mbili ili aoge, alale, aende sokoni bila kukimbia. Marafiki wa maskani, gaweni zamu, nendeni huo mwezi wa nne.