Je, Wajua? Kigae Kikiiva, Kipige Hodi

Je, wajua kwamba kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita 40 na ushee kaskazini mwa Lilongwe, ilikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda wa Malawi? Wakimbizi walianza kupokewa hapo mwaka 1994, na kwa kuwa wengi wametoka Kongo na Burundi, Kiswahili kimejaa sokoni. Hapo ndipo Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alipoanzisha TakenoLAB ili vijana wajifunze kuandika programu. Basi msishangae safu ya leo ikizama ndani ya kompyuta.

Je, wajua UlizaLlama? Ni modeli ya lugha ya Kiswahili ya Jacaranda Health ya Kenya, iliyotoka 2023 na kujengwa juu ya modeli ya Llama 2 yenye vigezo (namba ilizojifunza) bilioni 7. Ukiiuliza swali, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzidisha matriksi, tabaka baada ya tabaka, tabaka 32.

Zidisha matriksi mbili za 4096 kwa 4096: namba huzidishwa mara bilioni 68 na zaidi! GPU, chipu inayokokotoa mengi kwa pamoja, hulikata jibu vipande, tuseme vya 128 kwa 128, viitwavyo vigae. Hapa vinapatikana 1,024. Kadi ya GPU iitwayo A100 ina vitengo 108 vya kukokotoa, kila kimoja kikishika kigae kimoja, kwa hiyo kazi huenda kwa mawimbi: 9 yamejaa, la 10 lina vigae 52 tu. Vitengo 56 vinabaki kutazama.

Je, wajua kwamba Llama 2 ya vigezo bilioni 70, kila kigezo kikichukua baiti 2, ni GB 140, na A100 kubwa kabisa ina GB 80? Lazima igawanywe kati ya kadi. Kila kadi hutoa jibu nusunusu, kisha majibu husafirishwa na kujumlishwa. Zamani safari ilisubiri kigae cha mwisho, kama minibasi ya Lilongwe isiyong'oka mpaka ijae. Lakini kuondoka na abiria mmoja nako ni kuchoma mafuta bure, ndiyo maana vigae husafirishwa kwa makundi. Kundi moja likiwa njiani, jingine linakokotolewa.

Nani anajua kundi limekamilika? Kaunta. Kila kigae kikimaliza kinaongeza 1. Ikifika idadi ya kundi, safari inaanza. Inaonekana kazi ya mtoto, ila sivyo. Vigae viwili vikisoma 7 kwa pamoja na vyote viandike 8, hesabu moja imepotea na msafirishaji atasubiri milele. Dawa ni amri iitwayo atomicAdd, inayosoma, kuongeza na kuandika kwa tendo moja lisiloingiliwa.

Hatari ya pili ni mbaya zaidi, maana haigomi, inadanganya: ishara kuonekana kabla ya data yenyewe. GPU haiahidi kwamba kilichoandikwa kwanza kitaonekana kwanza kwa wengine. Ndiyo maana kabla ya kugusa kaunta huwekwa kizuizi, __threadfence(). Ukikisahau, programu inaweza kufanya kazi vizuri mwezi mzima, kisha siku moja ikajumlisha takataka bila kulalamika.

Vigae vilivyokamilika pamoja, je, hukaa jirani kwenye kumbukumbu? Si lazima. FlashOverlap, mbinu ya watafiti wa China ya 2025, huvipanga upya kabla ya safari. Flux ya ByteDance, 2024, iliuingiza usafirishaji ndani ya kerneli (programu inayoendeshwa na GPU) yenyewe ya kuzidisha.

Safari yenyewe hupita wapi? NVLink, njia inayounganisha kadi za A100, hubeba GB 600 kwa sekunde, kwenda na kurudi kwa jumla. PCIe, njia ya kawaida ya kuunganisha kadi, ya kizazi cha 4 yenye njia 16: takriban 64. Kwenye kadi za bei nafuu, basi, ndiko kusubiri kunakouma.

Kaunta ya namna hii unaweza kuijaribu kwenye kadi moja tu. Kadi ya T4, ambayo Google Colab huwapa hata wasiolipa, ina vitengo 40: vigae vilevile 1,024 ni mawimbi 26, na la mwisho lina 24.