Moto wa rangi jukwaani (2): Rangi inatoka wapi, kibali kinatoka wapi

Wiki iliyopita tuliwaacha mapromota wakiulizana kama mtu anahitaji karatasi yoyote ili awashe moto wa kijani pembeni ya msanii pale uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Anahitaji, tena zaidi ya moja. Ila tuanze na kemia, maana sheria zenyewe hugawanyika kulingana na kilichomo ndani ya mtambo wa kurusha moto.

Mama lishe anayepikia gesi ameiona siri hii mara nyingi. Maji ya chumvi yakifurika sufuriani, moto wa bluu hugeuka njano papo hapo. Hiyo ni sodiamu ya kwenye chumvi. Metali nyingine nazo zina rangi zake zikiingia kwenye mwali: strontiamu nyekundu, kalsiamu rangi ya chungwa, bariamu kijani, potasiamu zambarau hafifu. Asidi ya boriki nayo hutoa kijani. Shaba ikikutana na klorini huelekea bluu, na bluu ndiyo inayowatesa mafundi dunia nzima: joto likizidi rangi inapotea, na chembe ya chumvi ikidondokea, hata jasho la mkono, njano inameza kila kitu. Promota anayeahidiwa bluu iliyokolea kwa bei ya chee na aulize maswali mawili matatu kabla ya kutoa kianzio.

Chumvi hizo kwa kiasi kinachotumika si ndizo zinazompeleka mtu hospitali ya Bugando. Kinachounguza ni kimiminika kinachozibeba. Ili rangi ionekane, mwali wenyewe lazima uwe karibu hauna rangi, na ndiyo maana petroli na mafuta ya taa hayafai, kwani masizi yake hung'aa njano. Hutumika spiriti: ethanoli, isopropanoli au methanoli. Methanoli inapendeza kuliko zote na ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Ikifikia nyuzijoto 11 tu, mvuke wake unatosha kushika moto ukikutana na cheche. Mwanza haiijui baridi hiyo, hata alfajiri ya Julai. Kwa hiyo ndoo iliyoachwa wazi nyuma ya jukwaa inatoa mvuke wa kuwaka saa zote ishirini na nne. Isitoshe, methanoli tupu ikiwaka juani mwali wake hauonekani kwa macho. Mtu anaweza kuupelekea mkono akidhani umezimika.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kuongeza. Septemba 2014, ndani ya wiki mbili, ajali mbili za namna moja zilitokea Marekani, moja kwenye makumbusho ya sayansi mjini Reno, nyingine kwenye shule mjini Denver. Mwonyeshaji alimimina methanoli kutoka kwenye chupa juu ya sahani iliyoonekana imezima au moto wake umefifia. Mvuke ukashika, moto ukapanda hadi ndani ya chupa, chupa ikautema kwa nguvu kuelekea waliokuwa wakitazama. Hao walikuwa watu wa sayansi, wakiwa na vipimo vidogo mezani. Kijana wa kukodi mwenye dumu la lita tano, gizani, huku msanii anataka moto urudiwe kwenye kiitikio, hana nafasi nzuri kuwashinda. Sheria yangu mimi ni kwamba hakuna kumimina chochote onyesho likishaanza. Mtambo wa maana una tangi lililofungwa, hurusha spiriti kwa shinikizo, huwashwa kwa umeme na hudhibitiwa na mtu aliye mbali, mwenye kitufe cha kuzimia mkononi na macho jukwaani. Kama hauna kitufe hicho, urudi kwenye gari.

Na msanii aambiwe kila kitu. Tarehe 8 Agosti 1992 mjini Montreal, James Hetfield wa bendi ya Metallica aliarifiwa kwamba kuna miali mipya jukwaani. Akadhani imechukua nafasi ya ile ya zamani, kumbe imeongezwa. Akasimama palepale moto unapotokea, akaungua vibaya mkono wa kushoto. Hapakuwa na hitilafu ya mtambo. Pengo lilikuwa kwenye maelezo. Mazoezi ya kutembea jukwaani, kila alama ya moto ikiwa imechorwa sakafuni, hayagharimu kitu.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo vitabu vya nje havitakuambia: upepo wa ziwa. Mchana huvuma kutoka majini kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda majini. Fundi hupima mitambo saa kumi jioni, akaridhika kwamba miali inalala upande usio na watu. Msanii mkubwa anapanda saa nne usiku, upepo umeshageuka, na upande uliokuwa salama sasa una jukwaa la VIP lenye turubai. Kwenye hoteli za ufukweni kinachosubiri upande huo mara nyingi ni paa la makuti. Kipimo cha jioni kirudiwe usiku, au moto usiwashwe. Wamarekani, katika kanuni zao za fataki za jukwaani, hawaruhusu hadhira ikae karibu zaidi ya mita 4.6, na umbali huongezeka kadiri cheche zinavyoruka mbali. Kwenye upepo wa Ilemela mimi ningeuzidisha mara mbili.

Sasa ofisi. Kama ndani ya kifaa kuna baruti, yaani fataki za aina yoyote, umeingia kwenye Sheria ya Baruti, Sura ya 45, na mlango wako ni Tume ya Madini. Ndiyo, ileile wanayoijua wachimbaji wa Geita. Polisi nao lazima wajue, na kila mwisho wa mwaka hukumbusha hivyo. Kama hakuna baruti ila kuna spiriti na chumvi za metali, unamwangukia Mkemia Mkuu wa Serikali: sheria ya kemikali ya mwaka 2003 inamtaka anayeziingiza, kuzihifadhi, kuzisafirisha au kuziuza asajiliwe. Vyovyote iwavyo, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua chini ya sheria yake ya mwaka 2007, na ni busara kuwaalika wakiwa na siku za kutosha kuliko kuwapigia 114 usiku. Kibali cha onyesho lenyewe, cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na cha afisa utamaduni, hakikuruhusu kuwasha moto. Na angalia mpaka: uwanja wa Nyamagana uko Jiji la Mwanza, Kirumba na Furahisha ziko Manispaa ya Ilemela. Barua iliyogongwa muhuri upande mmoja haivuki.

Wengi hudhani ukumbi uliofunikwa ni nafuu kuliko uwanja. Klabu ya The Station, Rhode Island, Marekani, iliteketea Februari 2003 wakafa watu 100. Klabu ya Kiss ya Santa Maria, Brazili, Januari 2013, wakafa 242. Zote mbili cheche za jukwaani zilishika sponji ya kuzuia sauti, na milango haikutosha. Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa walipata funzo tofauti: usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, Freedom City, Kampala, watu wasiopungua tisa walikufa katika msongamano wakati wa fataki za mwaka mpya. Moto haukumgusa hata mmoja wao.

Mtu akiungua, maji safi ya bomba yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno ibaki bafuni.

Mabaki nayo yana sheria. Bariamu ni sumu, na mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, umewahi kutumika kuua konokono wa kichocho. Samaki nao hawauvumilii. Suuza la matangi lisimwagwe ufukweni Kirumba wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Lirudi kwenye dumu lenye lebo, na dumu lirudi kwa aliyesajiliwa kulileta.

Wiki ijayo: mashine za cheche kwenye kumbi za harusi, mapambo ya vitambaa na maputo.