Setilaiti ya Uhuru: Manahodha Wengi, Chombo Kikafika

Wahenga wetu wa mwambao walituusia kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wosia huo umetukaa nyoyoni hata tuonapo kazi ya wakuu wengi imeharibika, hatujishughulishi kutafuta sababu nyingine. Lakini katika maji ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kiliwahi kung'oa nanga chombo chenye manahodha watano, nacho kikafika salama. Yafaa walimu na wanafunzi wetu waijue siri yake.

Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini mkabala wa Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya kwanza ulimwenguni kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Na tuwahesabu manahodha wake. Mwili wa setilaiti uliundwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Vyombo vya kunasia miale vilitengenezwa na kampuni ya American Science and Engineering, chini ya mwanafizikia Riccardo Giacconi. Roketi ilikuwa dhamana ya kituo cha Langley cha shirika la NASA. Kazi ya kuifyatua ilikuwa ya Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Na msimamizi wa mradi mzima alikuwa Bi. Marjorie Townsend wa kituo cha Goddard cha NASA, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa kazi ya namna hiyo katika shirika hilo.

Kila mmoja wa hawa alikuwa na lake la kutetea. Mwanasayansi aghalabu hutaka vyombo vikubwa zaidi, vione mbali zaidi. Mwenye roketi hutaka mzigo mwepesi. Mwenye hazina huuliza bei, na mwenye ratiba huuliza siku. Setilaiti ile ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi tu, na katika mzigo mdogo kama huo, kilo anayojiongezea mmoja ni kilo anayopunguziwa mwenzake.

Hata uchaguzi wa mahali haukuwa wa fundi peke yake wala wa mkubwa peke yake. Ngomeni ipo takriban digrii 3 kusini ya ikweta. Hapo, mzunguko wa dunia huisaidia roketi ndogo kubeba mzigo ambao isingeweza kuubeba kutoka kaskazini. Tena, setilaiti izungukayo juu ya ikweta huepukana na sehemu kubwa ya mionzi inayoizunguka dunia, ambayo ingevivuruga vyombo vya kunasia miale. Hizo ni hoja za uhandisi na sayansi. Lakini Ngomeni ni ardhi na bahari ya Kenya, jukwaa lilikuwa la Waitaliano, na setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Kwa hiyo hoja ya fundi isingetimia pasipo mapatano ya serikali, wala mapatano hayo yasingekuwa na maana pasipo hoja ya fundi.

Siri ya kwanza, basi, ni mipaka. Kila nahodha alikuwa na sehemu yake iliyojulikana, na palikuwapo mmoja wa kuangalia chombo kizima. Siri ya pili ni kwamba huyo mmoja hakuwa mgeni wa kazi. Townsend alikuwa mhandisi wa umeme, aliyehitimu katika Chuo Kikuu cha George Washington mwaka 1951. Vyombo vya Giacconi hakuviunda yeye, lakini lugha ya mafundi aliifahamu. Aambiwapo kwamba jambo fulani haliwezekani, aweza kuuliza kwa nini na akalielewa jibu.

Wajenzi wa majahazi wanalifahamu jambo hili. Mwenye chombo ndiye mwenye fedha, naye ndiye aamuaye kama jahazi litabeba boriti au nafaka. Lakini fundi akisema mbao hizi ni mbichi, zitapinda na kalafati haitashika, mwenye chombo mwenye busara hamwamuru apigilie misumari ili jahazi liwahi msimu wa kaskazi. Pesa ni zake, lakini bahari si yake.

Wasiozingatia hayo hulipa. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Marekani iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo Challenger walionya kwamba pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hizo hazingefanya kazi sawasawa katika baridi kali. Wakuu wa kampuni wakajitenga kushauriana. Mkuu wa uhandisi akaambiwa avue kofia ya uhandisi, avae kofia ya uongozi. Akakubali, na idhini ikatolewa. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kupaa, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Kosa halikuwa wingi wa manahodha. Aliyeijua bahari alisema, na mwenye amri akataka jibu jingine.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973 na kuorodhesha vyanzo 339 vya miale ya eksirei. Mwaka 2002 Giacconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Katika matunda hayo Kenya ilitoa ardhi, bahari na jina. Setilaiti ya mwisho kurushwa Ngomeni iliondoka Machi 1988. Nayo Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya na kuundwa kwa ushirikiano na kampuni ya EnduroSat ya Bulgaria, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Safari hii mezani pamekaa vijana wetu wenyewe, na hapana budi wajue kuketi pamoja.

Je, shuleni tunawaandaa? Tunamwambia mtoto mapema kwamba wewe ni wa sayansi, na wewe ni wa biashara, kana kwamba hawatakutana tena maishani. Tunatoa kazi ya kikundi, mmoja akaifanya, watano wakaandika majina yao. Mwalimu wa Malindi au Kilifi aweza kuanza na jambo dogo. Awape wanafunzi watano mbao chache na fedha kidogo waunde ngalawa ndogo ya kuelea. Mmoja ashike mfuko, mwingine ashike mchoro, na kila uamuzi uandikwe pamoja na sababu yake. Kazi ifikapo katikati, wabadilishane nafasi. Aliyekuwa akidai mbao zaidi atauona mfuko ulivyo mwepesi, na aliyekuwa akihimiza haraka ataiona mbao inavyopasuka.

Wosia wa wahenga ungali kweli. Manahodha wengi wasiosikilizana watakipeleka chombo mrama. Lakini vyombo vya zama hizi haviundwi wala haviendeshwi na mtu mmoja. Basi tuwafundishe watoto wetu kusikilizana wangali nchi kavu.