Kufanya kazi na hofu ya uhakiki: Kila mfuko una kipimo chake

BUHEMBA, wilayani Butiama mkoani Mara, ni mahali ambapo mwili uliochoka nao hutafutiwa kazi. Asiyeweza kushuka kwenye maduara huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Asiyeweza kuponda huosha mchanga kwenye mialo, na aliyeshindwa yote mawili huketi kivulini akiwauzia wachimbaji wadogo uji na maandazi.

Ni katika mazingira ya namna hiyo ambapo swali moja huwasumbua wengi wanaopokea msaada au mafao, nalo si la Buhemba peke yake. Je, mtu mwenye ulemavu, au mjane ambaye kaya yake imo katika orodha ya kaya maskini, akikutwa anafanya kazi wakati wa uhakiki, jina lake litafutwa?

Hofu hiyo ina gharama. Wapo wanaoacha vibarua wanavyovimudu, wapo wanaoficha mabati waliyonunua kwa kudunduliza, na wapo wanaokataa hata kujitolea shuleni au zahanati kwa kuogopa kuonekana kuwa wana nguvu. Msaada uliokusudiwa kumwinua mtu unageuka kuwa kamba ya kumfunga mahali alipo.

Jibu la swali hilo si moja, kwa sababu Tanzania Bara haina posho moja ya ulemavu inayolipwa kwa kila mwenye ulemavu. Iko mifumo mitatu mikuu, na kila mmoja una kipimo chake. Mmoja hupima hali ya kaya, wa pili hupima jeraha alilolipata mfanyakazi kazini, na wa tatu hupima uwezo wa mtu wa kujipatia kipato. Kazi ileile inaweza isiwe na athari yoyote katika mfumo mmoja, na ikasimamisha malipo katika mwingine.

Kaya maskini: Kinachohesabiwa ni hali ya nyumbani

Mfumo unaogusa vijiji vingi zaidi ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Mpango huo ulizinduliwa mwaka 2012, na awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020.

Utaratibu wa kuzipata kaya ulianzia kwenye mkutano wa kijiji, ambako wananchi wenyewe walitaja kaya wanazoziona kuwa maskini zaidi. Kisha dodoso lilijazwa nyumba kwa nyumba. Dodoso hilo halikutegemea hati ya mshahara, kwa kuwa wengi hawana. Liliuliza juu ya idadi na umri wa wanakaya, elimu yao, paa na sakafu ya nyumba, na mali walizonazo. Majibu hayo ndiyo yaliyotumika kukadiria hali ya maisha ya kaya.

Hapa ndipo jambo la kwanza linapojitokeza. Kazi yenyewe haikuwa kosa. Tena, mpango wenyewe ulikuwa na sehemu ya ajira za muda, ambapo mwanakaya mwenye nguvu alipewa kazi za kijamii kama kuchimba malambo, kutengeneza barabara za vijijini na kupanda miti. Katika awamu ya pili, ujira ulikuwa Sh3,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, kaya iliyokamilisha siku zote ilipata Sh180,000 kwa mwaka, mbali na ruzuku nyingine iliyostahili.

Wazee, wajawazito na watu ambao ulemavu wao hauwaruhusu hawakulazimika kushika jembe, na kaya isiyo na mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi ilistahili ruzuku bila sharti hilo. Kwa hiyo mwenye ulemavu aliyekaa nyumbani hakuadhibiwa, na jirani yake aliyekwenda kwenye lambo hakujiondolea sifa ya kuwa mlengwa.

Hata hivyo, matunda ya kazi ndiyo yanayoweza kubadili matokeo ya tathmini. Mjane aliyedunduliza ujira wake akaezeka bati, akaweka sakafu ya saruji na kununua mbuzi, anabadilisha majibu ya dodoso. Tathmini inaporudiwa, kaya yake inaweza kuhesabiwa kuwa imehitimu, yaani imetoka katika umaskini uliokithiri na inaweza kujitegemea.

Ugumu uko kwenye pengo kati ya bati na chakula. Paa jipya halishuki bei mwaka wa ukame, lakini tumbo hudai kila siku. Kaya iliyohitimu kwa mali chache inaweza kurudi ilikotoka kwa msimu mmoja mbaya au kwa ugonjwa wa mtu mmoja. Ndiyo maana mkutano wa kijiji una uzito: majirani wanajua kama bati lile lilitokana na ustawi au ni msaada wa mtoto aliyeko Mwanza uliotumwa mara moja tu.

Sehemu ya hofu iliyopo imetokana na uhakiki wa miaka ya kuanzia 2015, ambapo kaya makumi ya elfu ziliondolewa nchini kote. Zoezi hilo lililenga kaya hewa, waliokufa, waliohama, na wasiokuwa maskini walioingizwa kinyume cha taratibu, wakiwamo viongozi. Lakini kwa mwananchi wa kawaida aliyeona majina yakisomwa na kukatwa, somo lililobaki lilikuwa moja: usionekane una kitu.

Aliyeumia kazini: Kinachopimwa ni jeraha

Mfumo wa pili ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Ulianza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa fidia Julai 2016. Kabla ya hapo, sheria ya enzi ya ukoloni iliweka ukomo wa fidia ya ulemavu wa Sh108,000, kiasi ambacho kwa aliyepoteza mguu hakikuwa hata nauli ya kutafuta matibabu. Mgodi mkubwa wa Buhemba, uliokuwa chini ya kampuni ya Meremeta, ulifungwa katika miaka ya 2000, mfuko huo ukiwa haujazaliwa.

Katika mfuko huu, athari ya kurudi kazini inategemea aina ya ulemavu. Ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24, na lengo lake ni kuziba pengo la mshahara uliokatika. Mfanyakazi wa mgodini anayelipwa Sh400,000 kwa mwezi, akivunjika mkono kazini, atapata Sh280,000 kwa mwezi wakati anauguza. Akirudi kazini na kulipwa mshahara wake, malipo hayo hukoma, kwa kuwa pengo limezibwa. Kupokea vyote viwili kwa siri ni udanganyifu.

Ulemavu wa kudumu una hesabu nyingine. Daktari hutaja kiwango chake kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi yuleyule wa Sh400,000 akikadiriwa kuwa na ulemavu wa asilimia 50, pensheni yake itakuwa nusu ya Sh280,000, yaani Sh140,000 kwa mwezi.

Pensheni hiyo imejengwa juu ya jeraha, wala haikutokana na kukaa bila kazi. Aliyepoteza mguu hauoti upya kwa sababu amepata kazi ya ukarani. Ndiyo maana miongoni mwa mafao ya mfuko huo imo huduma ya utengamao, inayomsaidia aliyeumia kurudi kazini au kujifunza kazi nyingine. Kinachoweza kufanya malipo yapitiwe upya ni mabadiliko ya ulemavu wenyewe, uwe umepungua au umezidi.

Tatizo kwa Buhemba ni kwamba mfuko huu unamhusu mwajiriwa. Mchimbaji mdogo anayegawana mawe na mwenye duara, bila mkataba wala mwajiri anayemchangia, hubaki nje ya ukuta huo hata akifukiwa na kifusi.

NSSF: Theluthi mbili za uwezo

Mfumo wa tatu ni pensheni ya ulemavu ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), kwa mwanachama aliyepata ulemavu usiotokana na kazi. Masharti yake ni kupoteza angalau theluthi mbili za uwezo wa kujipatia kipato, na kuwa amechangia miezi 180, au miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ya mwisho kabla ya kupata ulemavu.

Hapa ndipo kazi ina uzito kuliko kwingine kote, kwa kuwa kipimo chenyewe ni uwezo wa kipato. Fundi cherehani aliyepooza upande mmoja na kuuza vocha saa mbili kwa siku hajarejesha uwezo wake wa zamani. Lakini aliyepata ajira ya kudumu yenye mshahara unaokaribia ule wa awali atakuwa na wakati mgumu kuieleza bodi ya madaktari kwamba bado amepoteza theluthi mbili. Njia salama ni kutoa taarifa mapema kabla ya kuulizwa.

Kujitolea nako

Kazi ya kujitolea, iwe msaragambo wa kujenga darasa au ujumbe katika kamati ya kijiji, haiingizi mali nyumbani, hivyo haibadili hali ya kaya. Kwa anayelipwa fidia ya ulemavu wa muda, hali ni tofauti kidogo. Akionekana anabeba matofali ya msaragambo huku cheti kikisema mgongo hauwezi kuinama, si ajabu akaulizwa maswali. Ushauri ni kumweleza daktari kwanza aina ya kazi na saa zake.

Nchi nyingine zimelitafutia suala hili njia zake. Marekani humruhusu anayelipwa bima ya ulemavu kujaribu kazi kwa miezi tisa ndani ya kipindi cha miezi 60 bila kupoteza malipo. Karibu zaidi na nyumbani, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee mwenye umri wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya Sh20,000 kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa baadaye. Mzee wa Pemba anayelima karafuu na anayelala kitandani walilipwa sawa. Pasipo kupima umaskini, hakuna sababu ya kuficha jembe.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Ni dhahiri kwamba sheria hiyo haiwaoni walemavu kuwa watu wasioweza kufanya kazi. Itakuwa ajabu basi serikali imhimize mtu kwa mkono mmoja kutafuta kazi, na kwa mkono mwingine amwogopeshe asionekane kazini.

Kwa wanaopokea msaada, kinga kubwa ni kumbukumbu. Vyeti vya hospitali vitunzwe, madai ya kuumia kazini yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita, na anayeona jina lake limeondolewa kimakosa apeleke malalamiko kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji na mratibu wa TASAF wa wilaya. Kwa wanaohakiki, jukumu ni kusema wazi, mbele ya mkutano, wanapima nini na wanakipimaje. Mwanamke anayeponda mawe Buhemba akilijua hilo, hatalazimika kuficha nyundo yake kila anaposikia mlio wa pikipiki ya ofisa.