Bibi Hakurogwa

Bibi anapomshuku mkaza mwana kuwa amemwibia leso, na kuuliza mara ya kumi iwapo adhuhuri imeadhiniwa, twaharakisha kusema amerogwa. Huko ni kumdhulumu jirani asiye na kosa. Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliihusisha jeni iitwayo APOE na ugonjwa wa Alzheimer. Mwaka 2013 ikabainika nyingine, TREM2, inayoongoza seli zinazoulinda ubongo. Walinzi hao wakilegea, uchafu hulimbikana. Wakihamaki, huzuka mchochota, yaani mwako wa kinga ya mwili, ukaunguza hata seli nzima. Lakini kurithi APOE ya hatari si kuandikiwa maradhi: wako walio nayo wakazeeka na akili timamu. Presha na sukari nazo huchangia, na hizo zahanati zetu hupima.