Pikipiki za Zamani (4): Mshale Unaorukaruka

Stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama zimerudi, na trafiki wamesimama tena pale barabara kuu ya Kahama inapokatiza Kagongwa. Kibao kinasema 50. Mwenye Honda kuukuu iliyobeba gunia la mpunga aisome wapi hiyo 50, ikiwa mshale wake unacheza kati ya 30 na 70 kama mwali aliyepandwa na pepo?

Karabureta na pointi tulishazimaliza. Leo tupande kwenye usukani.

Mwaka 1902 Otto Schulze wa Strasbourg alipata hataza ya kifaa ambacho bado kimo ndani ya Honda hizo. Gurudumu la mbele huzungusha waya wa maili, waya huzungusha sumaku, na sumaku huzunguka karibu na kikombe cha alumini bila kukigusa. Alumini hainaswi na sumaku, lakini sumaku inayozunguka huzaa umeme ndani ya kikombe, na umeme huo hukikokota kikombe kifuate. Springi ndogo hukizuia. Nguvu hizo mbili zinapolingana, mshale hutulia. Hakuna betri wala fyuzi! Sijaona akili nyingi hivyo kwenye vyuma vichache hivyo.

Waingereza walikuwa na lao. Spidomita za Smiths Chronometric, zilizofungwa kwenye BSA na Triumph hadi miaka ya 1960, zina mitambo ya saa: huhesabu mizunguko kwa muda mfupi, husogeza mshale, kisha huanza upya. Mshale huo hupanda kwa hatua hata ukiwa mzima. Fundi asiyejua hilo hutibu asiyeumwa.

Kwa Honda, kuruka ni ugonjwa, na aghalabu mgonjwa ni waya. Ukikauka au ukipitishwa kwenye kona kali, hukwama, hujisokota, kisha hufyatuka. Uchomoe, uoshe kwa mafuta ya taa, uufute, uuviringishe juu ya kioo. Ukidundadunda, umepinda, nunua mwingine. Ukiwa mzima, upake grisi kidogo, ila inchi 6 za juu ziache kavu, maana grisi ikipanda hadi kwenye kikombe, mshale hunata.

Kazi ya saa moja. Lakini vijana wetu huukata waya, wakalipia redio yenye taa za rangi, kisha wakapakia watoto watatu wa shule. Na trafiki huuliza leseni, bima na helmeti. Mshale, hata kwa bahati mbaya, hautazamwi.

Toleo lijalo: breki za ngoma.